Msumari Nao ni Abiria

Nilipokuwa na miaka tisa nilimwona baharia akiponyokwa na msumari juu ya mlingoti. Imepita zaidi ya miaka thelathini, na bado naufikiria msumari ule.

Jahazi lilikuwa la Baba. Alibeba mizigo kati ya Lamu, Faza na Kizingitini, na wakati wa likizo alinichukua kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka: mimi ndiye niliyeandika nani ana magunia mangapi ya unga, nani ana mabati, nani bado anadaiwa nauli. Siku hiyo kusi ilikuwa imekaza, tanga limejaa, na baharia mmoja alikuwa amepanda kurekebisha gofia, kapi ya kupandishia tanga. Msumari ukamponyoka. Nikaona wazi kwamba utaangukia baharini nyuma yetu, maana jahazi linakimbia na msumari uko hewani, haujashikwa na kitu. Ukashuka sambamba na mlingoti, ukagonga ubao pale pale shinani, hatua moja kutoka mguuni pangu.

"Baba, mbona haukuachwa nyuma?"

Hakuuachia usukani wala hakunigeukia. "Uachwe vipi? Msumari nao ni abiria."

Mwaka huo huo, au labda uliofuata, tulipita Mkanda usiku. Mkanda ni mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku, na jahazi lenye mzigo hupita humo maji yakijaa. Upepo ulikuwa mwanana na bahari imelala. Nililala ngamani, tumboni mwa jahazi, juu ya magunia, nimefunikwa turubai. Nikaamka gizani nisijue kama tunakwenda au tumetia nanga. Nikasikiliza maji yakipita kwenye ubao, lakini sauti ile haikunisaidia, kwani maji ya Mkanda huenda mbio yenyewe, na hata chombo kilichotia nanga hupitwa nayo. Nikarusha kokwa ya tende juu, ikanirudia kiganjani. Nikairusha tena, vile vile. Mwishowe niliinua turubai nikaona vivuli vya mikoko vikirudi nyuma polepole. Ilinibidi nitazame nje. Ndani ya ngama hamkuwa na jibu.

Nilipofika chuo kikuu ndipo nilipojua kwamba Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliliandika jambo hili mwaka 1632. Alimtaka msomaji ajifungie katika chumba cha chini cha meli pamoja na vipepeo wanaoruka, samaki ndani ya bakuli, na chupa inayodondosha maji tone kwa tone. Meli ikienda kwa mwendo mmoja bila kuyumba, alisema, vipepeo wataruka vile vile na matone yataanguka mahali pale pale, kana kwamba meli imesimama. Nilipoisoma nilihisi joto usoni. Nililijua jambo hilo tangu Mkanda.

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya uhusianifu maalumu, nadharia ya Einstein kuhusu mwendo na wakati: anayekwenda kwa mwendo mmoja ulionyooka na aliyetulia wana sheria zile zile za maumbile, na hakuna jaribio la ndani ya chombo litakalomwambia yupi ni yupi. Sharti la "mwendo mmoja ulionyooka" ni kubwa kuliko linavyosikika. Ukitoka Mkanda ukakutana na mawimbi ya nje, tumbo lako litakuambia bila kuinua turubai. Nitalirudia jambo hili, maana Baba mwenyewe ndiye aliyenirudisha kwake.

Kanuni ya pili ndiyo iliyonitesa.

Wazee wetu walisema: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele yake. Sisi watoto tulikwenda tezi na omo mchana kutwa. Jahazi likienda kilomita 10 kwa saa, nami nikitembea kilomita 4 kwa saa kutoka tezi kwenda omo, mvuvi aliyesimama kwenye ufuo wa Manda ananiona nakwenda kilomita 14. Nikirudi tezi, ananiona nakwenda 6. Hesabu ya kujumlisha na kutoa, mtoto wa darasa la nne anaiweza. Sasa Baba amesimama tezi na kumulika omo kwa kurunzi. Je, mwanga nao unaongezewa mwendo wa jahazi?

Hauongezewi. Mvuvi wa ufuoni akiupima, tukiiweka hewa kando, atapata mita 299,792,458 kwa sekunde. Mimi niliye chomboni nikiupima nitapata mita 299,792,458 kwa sekunde. Hata jahazi lingekimbia nusu ya kasi hiyo, sote wawili tungepata tarakimu ile ile. Chuoni niliandika maneno hayo, nikayajibu kwenye mtihani, nikafaulu. Sikuyaamini hata kidogo. Niliyabeba kama mtu anavyobeba mzigo wa mwenziwe, hajui ndani mna nini.

Na kwa kuwa sikuyaamini, nilipoanza kufundisha nikayafundisha vibaya.

Uhusianifu haukuwamo katika silabasi ya sekondari. Niliuanzisha katika klabu ya sayansi, Jumamosi asubuhi, kwa wanafunzi waliotaka. Nikawaambia: tazameni, sisi twasema saa moja asubuhi na Mzungu anasema saa saba, na wote tuko sawa, hivyo ndivyo Einstein alivyosema, kila kitu hutegemea anayetazama. Walicheka kwa furaha. Mfano ulikuwa karibu nao. Ulikuwa pia si kweli. Saa moja na saa saba ni majina mawili ya wakati mmoja. Hakuna saa iliyochelewa wala iliyotangulia. Sikujua kwamba nimekosea mpaka niliposimulia kisa cha msumari, na msichana mmoja wa safu ya pili akainua mkono.

"Mwalimu, ule msumari uligonga ubao au haukugonga?"

"Uligonga."

"Kwa aliye ufuoni pia?"

"Kwa kila mtu."

"Basi si kila kitu hutegemea anayetazama."

Nilimwambia tutaendelea Jumamosi ijayo. Wiki ile sikulala vizuri. Nilirudi kwenye vitabu vyangu vya chuo nikaanza upya, safari hii bila kuruka ukurasa ambao sikuuelewa.

Nilianzia mahali ambapo wanafizikia wenyewe walikwama. Katika miaka ya 1860 James Clerk Maxwell alionyesha kwamba mwanga ni mawimbi ya umeme na sumaku, na milinganyo yake ilitoa kasi ya mawimbi hayo. Lakini kasi kulingana na nini? Kasi ya jahazi tunaipima kulingana na maji au ufuo. Wakadhani anga lote limejaa kitu walichokiita etha, na kwamba mwanga husafiri ndani yake kama wimbi majini. Ikiwa ni hivyo, Dunia, inayolizunguka Jua kwa kasi ya kama kilomita 30 kwa sekunde, inapita ndani ya etha, na mkondo wa etha lazima upimike.

Jumamosi ile niliwapeleka wanafunzi gatini. Tulikaa tukitazama mashua zikivuka kwenda Manda. Nikawaambia: tuseme mashua ina kasi ya kilomita 5 kwa saa majini, na mkondo una kasi ya kilomita 3. Mashua ya kwanza inavuka kilomita moja hadi ng'ambo na kurudi. Mashua ya pili inakwenda kilomita moja kuufuata mkondo, kisha inarudi ikiukabili. Ipi itatangulia?

Ile ya pili ilikuwa rahisi. Kuufuata mkondo inakwenda kilomita 8 kwa saa, dakika 7 na nusu. Kuukabili inakwenda 2, dakika 30. Jumla dakika 37 na nusu. Ile ya kwanza ndiyo iliyowafikirisha, mpaka mvulana mmoja, mtoto wa nahodha, akasema haiwezi kuelekeza omo ng'ambo moja kwa moja, itachukuliwa. Lazima omo ielekee juu ya mkondo kidogo. Ndivyo kila nahodha afanyavyo pale. Tukachora pembetatu mchangani: 5 upande mrefu, 3 mkondo, na kilichobaki cha kuvukia ni 4. Kwa kilomita 4 kwa saa, kwenda na kurudi ni dakika 30. Mashua inayokata mkondo hutangulia kwa dakika 7 na nusu.

Albert Michelson na Edward Morley walifanya mashindano hayo hayo mwaka 1887 mjini Cleveland, Marekani, na mashua zao zilikuwa miale miwili ya mwanga iliyotumwa pande mbili zilizokatana kwa pembe mraba na kurudishwa kwa vioo. Chombo chao kilikuwa makini kiasi cha kutosha kuuona mkondo wa etha kama ungekuwapo. Waliligeuza jiwe lililobeba vioo huku na huku. Tofauti waliyoitarajia haikuonekana. Mashua zote mbili zilirudi pamoja.

Wengi walijaribu kuiokoa etha. Mwaka 1905 Albert Einstein, kijana wa miaka 26 aliyekuwa akikagua maombi ya hataza mjini Bern, Uswisi, aliiacha. Akashika mambo mawili tu: sheria za maumbile ni zile zile kwa wote waendao mwendo mmoja, na kasi ya mwanga katika ombwe, pasipo na hata hewa, ni ile ile kwa wote. Kisha akauliza ni nini kitalazimika kulegea ili hayo mawili yasimame pamoja. Kilicholegea ni wakati.

Hapa ndipo nilipouona ukweli kwa macho yangu, ubaoni, chaki mkononi. Weka kioo kimoja kwenye ubao wa ngama na kingine juu yake, mwanga upande kutoka cha chini hadi cha juu. Tuseme kwangu mimi niliye ngamani unapanda urefu wa vipimo 4, kwa hiyo unachukua muda wa 4. Jahazi linakimbia kwa tatu ya tano ya kasi ya mwanga. Mvuvi wa ufuoni haoni mwanga ukipanda wima. Wakati unapanda, jahazi limesogea, na njia ya mwanga imelala mshazari. Wima 4, mlalo 3, mshazari 5. Na kwa kuwa kasi ya mwanga kwake ni ile ile, umbali wa 5 unachukua muda wa 5. Kwangu muda ni 4, kwake ni 5, katika tukio lile lile.

Niliishusha chaki. Ilikuwa pembetatu tuliyoichora mchangani gatini, ya 3, 4 na 5, ile ambayo Baba aliivuka kila siku bila kuiandika popote. Nadharia niliyodhani imetoka mbali ilikuwa na hesabu ya kuvuka mlango wa Lamu.

Hapo ndipo nilipowaambia wanafunzi kwamba nilikosea kuhusu saa moja na saa saba. Hii haikuwa habari ya majina. Saa ya chomboni kweli imehesabu pungufu, na si saa peke yake: mapigo ya moyo, chai inayochemka, ndevu zinazoota, vyote humo vimekwenda pamoja, ndiyo maana aliye ndani haoni ajabu yoyote.

Neno "wakati mmoja" nalo linalegea. Washa taa ngamani, katikati kabisa. Kwa aliye chomboni mwanga unafika tezi na omo kwa pamoja. Kwa aliye ufuoni, tezi inaulaki mwanga na omo inaukimbia, na kwa kuwa mwanga hauongezewi wala haupunguziwi kasi, unagusa tezi kwanza. Hakuna aliyedanganya. Nakiri kwamba jambo hili ndilo gumu kuliko yote, na bado kuna siku huwa nalisoma upya.

Ile hesabu ya kutembea tezi na omo nayo ina marekebisho. Jahazi likienda 0.6 ya kasi ya mwanga, na kitu kikarushwa ndani yake kuelekea omo kwa 0.6, wa ufuoni hataona 1.2. Unagawanya 1.2 kwa 1 kuongeza 0.36, unapata 0.88. Hujumlishi ukaipita kasi ya mwanga hata ujumlishe mara elfu. Kwa kilomita 10 na kilomita 4 marekebisho ni madogo mno, ndiyo maana mtoto wa darasa la nne haadhibiwi.

Nilimrudia yule msichana mwisho wa kipindi, maana swali lake ndilo lililotufikisha hapo. Nikamwambia: kati ya mwanga kuondoka kioo cha chini na kufika cha juu, mvuvi anapima muda 5, na chombo kimesogea 3. Toa mraba wa 3 katika mraba wa 5, unapata 16. Mimi niliye chomboni napima muda 4, na kioo kwangu hakikusogea. Mraba wa 4 ni 16. Aje wa tatu katika mashua nyingine kwa kasi nyingine, muda wake na umbali wake utakuwa mwingine, lakini akifanya hesabu hiyo atapata 16. Hermann Minkowski, aliyewahi kumfundisha Einstein hisabati, ndiye aliyelieleza hivyo mwaka 1908. Jina "uhusianifu" limetupotosha wengi. Kiini chake ni kile watazamaji wote wanachokubaliana.

Aliandika 16 kwenye kona ya daftari akaizungushia duara.

Wanafunzi hawakukosa kuniuliza nani aliyeona haya. Niliwaambia wafungue viganja. Miale kutoka angani inapogonga hewa ya juu, kama kilomita 15 juu yetu, huzaa chembe ziitwazo muoni. Muoni iliyotulia huishi kwa wastani sehemu 2.2 tu za milioni moja ya sekunde kabla ya kuvunjika. Kwa muda huo hata mwanga haufiki mita 700. Zilipaswa karibu zote kufia juu huko. Lakini zinatufikia, takriban moja kila sekunde inapita katika kiganja kilichofunguliwa, kwa sababu zinakimbia karibu na kasi ya mwanga na saa zao, kwa kipimo chetu, zinakwenda polepole sana. Kwa muoni yenyewe muda ni ule ule mfupi, ila kilomita zetu 15 ndizo zilizofupika. Watoto walikaa kimya wakitazama viganja vyao. Kimya kile sitakisahau.

Na mpwa wangu, mvuvi, ana kifaa cha GPS cha kumrudisha kwenye miamba yake. Satelaiti zake ziko kama kilomita 20,200 juu, na kasi yao inazichelewesha saa zao kwa mikrosekunde 7 hivi kwa siku, yaani sehemu 7 za milioni moja ya sekunde. Mvuto wa Dunia, ambao huko juu ni dhaifu, unaziwahisha kwa mikrosekunde 45. Hiyo ni nadharia nyingine ya Einstein, ya baadaye. Zinabaki 38 za kuwahi. Mwanga huenda mita 300 kwa kila mikrosekunde moja, kwa hiyo bila kusahihisha, kosa lingekua kwa zaidi ya kilomita 10 kila siku. Mpwa wangu angeutafuta mwamba wake wa Kiwayu mahali pengine kabisa.

Baba haendi tena baharini. Jioni hukaa barazani na kahawa yake, na mwaka jana nilimsimulia yote haya, tangu msumari. Alisikiliza bila kunikata. Nilipofika kwenye saa inayochelewa aliuliza kama aliye chomboni atajua. Nikamwambia hatajua.

"Kama kulala ngamani."

"Kama kulala ngamani, Baba."

Akanywa kidogo. "Lakini wewe umesema aliye ngamani anaweza kusema yeye ndiye aliyetulia, ufuo ndio unaokwenda. Basi kwake saa ya ufuoni ndiyo inayochelewa. Akirudi, nani atakuwa amezeeka?"

Swali hilo limewahangaisha wanafizikia kwa miaka mingi, na Baba hakusoma zaidi ya chuo cha Kurani. Nilianza kutafuta maneno ya kumjibu. Hakuningoja.

"Ili arudi, mwanangu, hana budi kugeuza chombo. Na chombo kikigeuka, hata aliyelala ngamani huamka. Aliye ufuoni hakuamshwa na kitu. Basi hawako sawa hao wawili."

Ndilo jibu lenyewe. Nikampa hesabu: kwa tatu ya tano ya kasi ya mwanga, ufuoni ikipita miaka 10 kwenda na kurudi, chomboni itakuwa imepita 8. Akatikisa kichwa polepole, kisha akataka kujua yake yeye. Miaka arobaini ya bahari, alisema, imemwokolea kiasi gani?

Nilitoa simu nikapiga hesabu pale pale. Kilomita 10 kwa saa, na tuseme theluthi ya miaka hiyo chombo kilikuwa njiani. Ilitoka sehemu kama 18 za bilioni moja ya sekunde. Nikatafuta namna ya kumwonyesha. Katika muda huo mwanga unakwenda mita 5 na kidogo.

"Ni kama kutoka pale ulipokuwa ukisimama, kwenye usukani," nikamwambia, "hadi kwenye mlingoti."

"Shinani," alisema, "ulipoangukia msumari."